Daftari la Mbweu

Kila asubuhi, kabla ya kengele, nilifuta dawati kwa kitambaa chenye sabuni. Tulikuwa kidato cha pili, na msichana niliyekaa naye tulimwita Mbweu, kwa kuwa alibeua darasani makusudi, tena kwa sauti. Kamasi zake alizipaka chini ya dawati letu. Alinitia kinyaa hadi chakula cha mchana hakikupita kooni.

Mwalimu mkuu alikwisha sema: asipobadilika, Ijumaa anafukuzwa. Mimi niliona Ijumaa iko mbali.

Jumatatu mwalimu wa ushauri, mama asiyejua kupandisha sauti, aliniita ofisini akanipa daftari.

"Kila akibeua, andika kilichotangulia na kilichofuata. Usitie chumvi."

"Mwalimu, yule ni wa kufukuzwa, si wa kuandikwa."

"Andika tu, mwanangu."

Niliandika kwa raha zangu. Hadi Alhamisi zilifika mbweu kumi na moja. Nikampelekea mwalimu daftari, nikijua nimemmaliza mtu.

"Nisomee kilichotangulia," akasema.

Nikasoma. Zamu yake ya kusoma kwa sauti imekaribia. Zamu yake ya kusoma imekaribia. Zote kumi na moja.

"Na kilichofuata?"

"Darasa limecheka. Ametolewa nje." Mara tatu nilikuwa nimeongeza: Hata mimi nimecheka. Kinyaa kikanigeukia mwenyewe.

Mbweu alipoitwa alikana kwanza, kisha akajifuta pua kwa kiganja. "Herufi zinanikimbia, Mwalimu. Afadhali niitwe mchafu kuliko mjinga."

Mwalimu alimwombea kwa mkuu wiki mbili zaidi. Mbweu akawa anapewa aya yake siku moja kabla, tuisome pamoja. Akapewa na leso. Kazi yangu nyingine ilikuwa kutocheka, na wallahi ilinishinda mara mbili.

Siku ya mwisho zamu ilimfikia. Darasa lilingoja mbweu. Akasimama, akasoma mistari minne, akakwama mara sita, akaketi. Mkuu aliyesimama mlangoni akaondoka zake. Hakumfukuza.

"Kuchukia tabia mbaya ni rahisi," mwalimu wa ushauri alituambia baadaye. "Kazi ni kuuliza inamficha mtu na nini. Na anayeicheka, huyo ndiye anayeilisha."

Kesho yake Mbweu alinigusa kiwiko. "Hili neno linasomwaje?"

Alinuka vitunguu. Nikamsogelea, nikamsomea.