Wawili Ndani ya Darubini

Kwanza zilikuwa kandambili. Teodora akitembea uani, zilipiga hatua moja zaidi baada ya mwenyewe kusimama. Mumewe, Yeremia, akadhani ni mwangwi wa majabali ya Mabatini. Kisha ikaja harufu ya tope la ziwa kitandani, na Odeta, mtoto wao wa mwaka mmoja, akawa analia kila mama yake anapombeba.

Yeremia alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani wakati wa ubinafsishaji, akabaki na darubini ndogo ya mtumba. Majirani walimcheka: njaa iko sufuriani, yeye anatazama mbinguni! Hawakuijua raha ya kuielekeza kusini, kwenye Rijili Kantori, nyota ambayo kwa macho matupu ni moja, na kuiona ikiachana taratibu kuwa mbili.

Jioni moja, akingoja giza liingie, aliielekeza mlimani, ng'ambo ya korongo, ambako Teodora alikuwa anaanua nguo juu ya jabali. Kwenye duara la kioo walikuwamo Teodora wawili, kichwa chini miguu juu, maana darubini ile hupindua kila kitu. Mmoja alikuwa anakunja shuka. Wa pili, kushoto, alisimama tu akimtazama Yeremia jichoni, anatabasamu. Yeremia aliinua uso: mke mmoja. Akainamia kioo: wawili.

Mficha uchi hazai. Alimwendea mganga Chenge wa Buhongwa, akamweleza yote.

"Jini amejibandika," Chenge alinong'ona. "Naweza kuwatenganisha, lakini nikishamtoa mtu harudi tena. Na jini habadili upande. Ulipowatazama, alikuwa upande gani?"

"Kushoto, mzee."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Wakamketisha Teodora mbele ya moshi wa dawa, Chenge akakaa kumwelekea, chungu kitupu kikiwa kushoto kwake, na moshi ulipozidi kandambili zikaanza kutembea zenyewe sakafuni, harufu ya tope ikawakaba koo, taa ikafifia, na kutoka kushoto ikapanda sauti ya Teodora, wala si ya kutisha, sauti ileile iliyomwamsha Yeremia kila asubuhi, ikilia, "Baba Odeta, ni mimi, usiniache, Baba Odeta!"

"Usiitike," Chenge alisema.

Yeremia akauma meno. Sauti ikaingia chunguni, chungu kikazibwa kwa nta, na kesho yake kikazamishwa ziwani kutoka kwenye kivuko cha Busisi.

Nyumba ikatulia. Yeremia alifurahi hata akaona haya kwa furaha yake. Jioni ileile akamtazama tena mkewe mlimani kwa darubini. Alikuwa mmoja, mtoto mgongoni, anatembea kuelekea kushoto. Yeremia akainua uso ampungie mkono. Mkewe alikuwa anaelekea kulia.

Darubini ilipindua juu na chini, na kushoto na kulia vilevile. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mwanza, maana kila jioni alizifuata nyota zake kinyumenyume. Na siku ya kumwokoa mkewe, hofu ilimsahaulisha. Alikuwa amemzamisha Teodora wake.

Akalia kwa sauti. Harufu ya tope ikamjia kutoka nyuma, ingawa hakusikia hatua hata moja, na mkono wa baridi ukamtua begani.

"Nyamaza, Baba Odeta," alinong'onezwa. "Utamwamsha mtoto wangu."