Tepe za Majaliwa

Panya hafumui mshono, hutafuna. Kwa hiyo Sada alipoanua gauni lake na kukuta mkono wa kulia umeachia begani, nguo haina hata mkwaruzo na uzi umetolewa wote, alisimama uani akiligeuzageuza.

"Mama, panya wa Kaole wamesomea ushonaji," alisema. Alikuwa na mimba, tena yumo edani. Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu mumewe, Majaliwa, auawe vitani Kagera.

Mkwewe, Bi Sihaba, hakucheka. Pua yake ilikuwa imekamata harufu ya udongo uliolowa na baruti, kama ya wale wanaolipua samaki. Akaingia ndani kutia udhu.

Majaliwa alikuwa sajini. Alipokuja kuaga kabla ya kwenda vitani, gwanda lake halikuwa na tepe ya cheo hata moja begani. Jirani yao, Dija, akaliona, akamngojea Bi Sihaba kisimani.

"Shoga, mwanao kavuliwa usajini? Au kaiba mchele wa jeshi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Sihaba alirudi na ndoo nusu. Hakumuuliza mwanawe, utamuulizaje mtoto mtu mzima habari ya fedheha yake? Majaliwa alipokwenda msikitini, mama alifungua sanduku la mwanawe, akabandua tepe tatu za sare ya gwaride, akazishona kwenye gwanda la akiba, sindano ikienda mbele na kurudi nyuma kama alivyofundishwa na mama yake. Akalikunja, akalilaza chini kabisa ya mfuko. Mwanawe asiaibike mbele za watu.

Majaliwa alipouawa, akaja Kombo, askari mwenzake, kutoa mkono wa tanzia.

"Vitani vyeo tunavibandua, mama," alisema. "Adui akiona tepe anajua huyu ndiye kiongozi, humlenga yeye kwanza. Majaliwa mwenyewe ndiye aliyetukagua. Lakini gwanda lake lililowa mvua, akabadili gizani. Kulipokucha..." Akameza mate. "Sijui tepe zile zilitoka wapi."

Bi Sihaba aliinamia tasbihi yake.

Basi baada ya gauni ikafuata foronya, ikafuata godoro, na mchana kweupe, kila Bi Sihaba alipotandika msala, alisikia nyuma yake tk, tk, tk, uzi ukikatwa mmoja baada ya mwingine bila haraka, akasoma kwa sauti kubwa zaidi ili asiusikie mlio ule, na kadiri alivyosoma ndivyo ulivyomkaribia, mpaka akahisi pumzi baridi yenye harufu ya tope katikati ya mabega yake, akatoa salamu kulia, akashindwa kutoa kushoto.

Siku Sada alipoanguka jikoni, mkono wake wa kulia ukiwa baridi kama samaki, aliitwa Mwalimu Bwanausi kutoka Kerege. Akafukiza ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya. Dija ndiye aliyeshika chetezo.

"Wewe nani, na unataka nini?" Mwalimu aliuliza.

Kinywa cha Sada kilijibu kwa sauti nzito. "Nimefuata damu kutoka porini. Nautaka mkono ulioshona."

Mwalimu akawageukia. "Huyu hataki mbuzi. Anataka neno. Aliyeshona aseme tu, aombe msamaha, naye ataondoka."

Ulimi wa Bi Sihaba uliinuka. Akamwona Dija, kichwa amekiinamisha upande, akisubiri. Tangu kule kisimani, jicho lile lile.

"Hapana aliyeshona," alisema.

"Wallahi?" Mwalimu alimuuliza.

Allah atusitiri na saa kama ile. "Wallahi," alijibu.

Sada akacheka polepole, kicheko cha kiume. "Basi nitashona mimi," ikasema ile sauti, na ile harufu ya tope ikakatika. Mwalimu akashukuru Mungu. Nyumba ikatulia, na watu wakasema pepo katoka.

Sada alijifungua salama, mtoto wa kiume. Dija ndiye aliyemwogesha. Alipofika kwenye mkono wa kulia, kata ikasimama hewani.

"Shoga, njoo uone," alinong'ona. "Huyu kaja na cheo chake."

Begani kwa mtoto palikuwa na mistari mitatu iliyopinda, imeinuka juu ya ngozi. Bi Sihaba aliipapasa kwa kidole. Sindano ilikuwa imekwenda mbele na kurudi nyuma. Mkono ulioshona pale angeutambua hata gizani, kwa kuwa ulikuwa wake.

Na chini ya kidole chake, taratibu, tk.