Nilimkataza Mke Wangu Kusema "Naumwa"

Nina miaka thelathini na sita. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja. Nimebeba mizigo stesheni ya Tabora, nimelima mahindi Ulyankulu, nimezunguka vijijini na baiskeli nikiuza asali. Sasa nalima tumbaku Ipole, peke yangu. Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa aibu... lakini nikinyamaza nitakuwa nimekosa mara ya pili.

Nilikuwa mlevi wa gongo. Siku moja mjini Tabora, nikisubiri simu yangu ichajiwe kibandani, nilimsikia mtu redioni akisema kila asubuhi ujisemeshe maneno mema kabla hujasema na yeyote. Nikatunga yangu: "Mimi ni hodari. Mimi ni mzima. Leo ni siku yangu." Nilijicheka. Lakini niliyasema! Niliyasema hata nikipita mlangoni mwa kilabu huku mate yakinijaa mdomoni. Mwaka ukaisha sijanywa. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Ni maneno yale tu. Mngekuwa mimi, msingeyaamini?

Ndipo nikamwoa Kalunde, binti wa Sikonge, mcheshi, mwepesi wa kazi. Kwa mara ya kwanza maishani nikatulia. Tukakodi shamba Ipole, na kila asubuhi tulitamka maneno yale pamoja tukielekea kazini. Jirani yetu Maganga alitutania: "Mwalimu, itamkie basi hiyo tumbaku ijichume yenyewe!" Kalunde alicheka mpaka akakaa chini.

Alipopata mimba nikazidisha. Nilipiga marufuku maneno matatu nyumbani kwangu: naumwa, siwezi, naogopa. Niliamini ukiutamka ugonjwa umeukaribisha.

Siku aliyorudi na kadi ya kliniki niliisoma yote, maana mimi husoma kila karatasi, hata iliyofungiwa maandazi. Iliandikwa dalili za hatari: kuumwa kichwa sana, kuvimba, kuona maluweluwe. Nilikasirika. Maneno mabaya kiasi hiki ndani ya nyumba yangu! Nikaichukua kadi ile nikaificha ndani ya mzinga mkuukuu wa nyuki nyuma ya nyumba. Alipoitafuta nilisema sijaiona, na kwamba kliniki atakwenda siku zikikaribia. Nilimdanganya mke wangu, tena huku nikitabasamu...

Mimba ilipofika miezi saba tulikuwa katikati ya kuchuma. Majani ya tumbaku yakiwa na maji hulevya. Kila mchumaji anakijua kizunguzungu chake na kutapika kwake. Basi Kalunde alipoanza kuyumba, nikasema ni tumbaku tu.

Naye, kwa kuwa nilimkataza kusema anaumwa, akatafuta njia. Asubuhi moja akaniambia, "Mume wangu, leo kichwa changu kina nguvu kunishinda." Siku nyingine: "Ona miguu ilivyonenepa, viatu vimeikataa." Halafu, tukifunga majani kwenye fito: "Mwenzio naona nyota mchana huu. Zinameta kweli!"

Nami nikacheka. Nikamsifu kwa moyo wake! Jamani, mke wangu alikuwa akinisomea kadi ile ile niliyoificha, kwa maneno niliyomruhusu... na mimi sikusikia.

Mama mkwe alikuja kututembelea. Sijamaliza hata shikamoo, macho yake yalikuwa tayari kwenye miguu ya mwanawe.

"Baba, mwanangu amevimba. Mpeleke hospitali leo."

"Mama, tafadhali, usimtamkie mabaya."

"Kwani akisema anaumwa utakufa wewe?"

Nilijiona nina imani kubwa kuliko yeye.

Kesho yake asubuhi Kalunde alianguka katikati ya matuta. Mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Nilipiga kelele zile sentensi zangu tatu sikioni mwake kama mwendawazimu! Maganga ndiye aliyekimbilia gari la jirani. Njia nzima ya tope mama yake alimpakata kichwa, wala hakunitazama.

Hospitalini nesi aliuliza kadi iko wapi. Nikasema imebaki nyumbani. Akauliza mgonjwa alikuwa akilalamika nini.

"Hakuwa akilalamika," nikasema.

Kilikuwa kifafa cha mimba. Mtoto wetu, wa kiume, hakulia. Kalunde alilala siku mbili bila fahamu.

Alipozinduka, nesi alimwinamia akamuuliza, "Unajisikiaje, mama?" Kalunde hakumtazama nesi. Alinitazama mimi kwanza. Midomo imempasuka kwa ukavu, sauti haitoki vizuri, akasema: "Mimi ni mzima."

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimemfanya nini mtu huyu?

Nilipoona ninaweza kusema, nikarudi, nikawaeleza wote habari ya kadi. Mama mkwe hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alipopata nguvu, Kalunde aliondoka naye kwenda Sikonge. Nimemfuata mara mbili kuomba radhi. Hunipa chakula, hunisalimia vizuri, huulizia shamba. Mara ya mwisho alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia, "Sikuchukii. Ila nikiwa na wewe, naogopa kuumwa." Nikapanda baiskeli yangu...

Sijaacha kujisemesha asubuhi. Gongo bado inaniita, na maneno bado yananisaidia kuikataa. Siwezi kuwadanganya kwamba hayana nguvu. Lakini niliyatunga kwa ajili ya ugonjwa wangu mimi. Nani alinipa haki ya kuyafunga mdomoni mwa mwingine kama kufuli?

Ndugu zangu, jitieni moyo, msichoke kujitia moyo. Ila nawasihi, msiifuate njia yangu. Mtu wako akikwambia anaumwa, au akizungukazunguka kama anatafuta namna ya kusema, usimfundishe kitu. Acha jembe. Muulize: wapi? Tangu lini? Kisha tafuta usafiri.