Simu ya Bosi Haikatwi

"Saba, usimkamate bado."

Sauti ya Makao, makao makuu ya kikosi chake, ilikuwa kavu sikioni. Saba alipunguza mwendo wa Yamaha, akaacha lori la kokoto limkinge. Mbele yake, Toyota HiAce ya kijivu ilikata kona na kusimama kando ya ukuta wa kiwanda cha matofali.

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi.

"Amesimama," alisema.

"Mwache apige simu kwanza. Bila simu hatuna kesi."

"Na mzigo ukitoka?"

"Basi utakuwa umetoka."

Mzigo wenyewe ulikuwa kilomita tisa kutoka hapo, kwenye bohari ya dawa: lori la jokofu lenye insulini ya hospitali kumi na moja. Genge la magendo lilitaka kulivusha mpakani, nusu saa tu kwa barabara. Hawakuhitaji bunduki. Walikuwa na sauti ya mkurugenzi wa bohari, iliyotengenezwa na akili mnemba kutokana na hotuba zake mtandaoni, na mtu wao wa kuitumia alikuwa ndani ya HiAce.

Kumwonya mtunza ghala kulikatazwa. Mtu aliyeonywa hubadilika sauti, na genge lingesikia.

Kwa hiyo kila kitu kilibaki mikononi mwa mtunza ghala huyo, Mama Stoo.

Saba alimfahamu vizuri. Wiki tatu alikuwa ameketi naye ofisini, akijifanya mkufunzi wa usalama wa kompyuta. Wafanyakazi walimwita Mwalimu. Somo lake lilikuwa fupi: usiamini sauti, usiamini sura kwenye video. Kata. Piga wewe mwenyewe, kwa namba unayoijua.

Walicheka. Mama Stoo alicheka kuliko wote.

"Mwalimu, wewe! Mimi nimkatie bosi simu? Miaka kumi na tisa niko hapa. Bosi akipiga unasimama, unasema ndiyo, anakata yeye."

Ndivyo ilivyokuwa pale. Na genge lilijua.

Saba aliwafanyisha mazoezi kila siku, akiwapigia kwa sauti za kuigiza. Mara tisa Mama Stoo alidanganyika. Mara ya kumi alikata, kisha akaiomba radhi simu iliyokatwa. Ofisi nzima ilivunjika mbavu.

Saba hakucheka. Miaka miwili iliyopita alifungua mlango kwa sababu aliisikia sauti ya mkuu wake. Haikuwa ya mkuu wake. Risasi zilimpata mwenzake aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akafa.

Tangu siku hiyo alikula, alilala, alifika kazini kwa wakati. Basi.

"Anapiga," Makao walisema. "Tunakuunganisha usikie."

Simu iliita ghalani.

"Halo, ghala."

"Mama Stoo, mwanangu." Kikafuata kikohozi kidogo cha mkurugenzi, kile kile walichokizoea ofisini. "Lori la asubuhi lisipite mbele, kuna wakaguzi. Fungua mlango wa nyuma. Kuna dereva mwingine pale, mpe funguo."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mama Stoo alikuwa amesimama.

"Ndiyo, bosi."

Saba alishuka kwenye pikipiki. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye bastola yake, Glock, chini ya koti. Hakuhisi kitu. Alihesabu pumzi tu.

"Bosi... samahani sana. Nakata kidogo, nikupigie kwenye namba yako."

"Unanikatia mimi? Ukikata hiyo simu, kesho usije!"

Pumzi moja. Mbili. Tatu.

"Nisamehe, mzee wangu," Mama Stoo alisema.

Akakata.

Sekunde ishirini zikapita. Simu ya pili ikatoka ghalani.

"Mama Stoo? Niko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Kuna nini?"

"Bosi, umenipigia sasa hivi?"

"Mimi? Tangu jana sijakupigia."

Halafu Mama Stoo akapiga kelele, bila kuziba kipaza sauti: "Fungeni mlango wa nyuma! Dereva, zima gari! Zima nimesema!"

"Saba," Makao walisema. "Sasa."

Hatua kumi na mbili. Alivuta mlango wa HiAce. Mtu mwembamba mwenye vipokea sauti alikuwa ameinamia kompyuta, akipiga tena namba ile ile. Yule mtu akanyakua bastola iliyokuwa pajani mwake. Saba alimgonga kifundo cha mkono kwa kitako cha Glock, bastola ikaanguka. Pingu zikalia mara mbili.

"Tulimnakili mpaka kikohozi," yule mtu alilalamika, kama fundi aliyerudishiwa kazi. "Pale hakuna anayemkatia bosi. Hakuna!"

"Amekata."

Redio ilikoroma. "Walinzi wamemshika dereva wa mlango wa nyuma. Mzigo uko salama. Kazi nzuri, Saba."

"Si yangu."

Gari la Makao lilikuja kumchukua yule mtu. Saba alikuwa anavaa kofia ngumu simu yake ilipoita.

"Mwalimu? Mama Stoo hapa." Alikuwa anahema. "Nimemkatia bosi. Kumbe siye. Lakini wakati nakata, Mwalimu, nilidhani ndiye. Nilijua kazi imekwisha."

"Na ukakata."

"Nikakata."

Kitu kidogo kilisogea kifuani mwa Saba, kama ganzi inapoanza kutoka mguuni. Kiliuma. Alikiacha.

"Kesho darasa ni saa ngapi?" Mama Stoo aliuliza.

"Saa mbili. Ila mimi sitakuwepo."

"Sasa nani atatufundisha?"

"Wewe," Saba alisema.

Akawasha Yamaha, akaondoka taratibu.