Kiganja Kimoja Nyuma

Katungu alikuwa akikunja vitenge ndani ya duka lake, kule mwisho wa soko la Butembo ambako jua halifiki, aliposikia mlio wa kamera. Mwanga hakuuona. Mlangoni alisimama kijana mrefu, koti limechakaa viwiko, na lenzi yake nene kama kikombe cha uji.

"Weye, foto gani hii bila flash? Nitatokea mweusi kama makala ya jiko!"

"Angalia kwanza, chérie."

Kwenye kioo cha kamera akajiona akicheka gizani, kila unywele wake mahali pake. Kijana huyo, Josaphat, alikuwa ameiunda lenzi ile mwenyewe. Vioo alivitoa kwenye mashine kuukuu ya kupigia picha za mapafu, akachonga pete za shaba, akachora juu yake alama za umbali. Mshumaa mmoja uliitosha.

"Lakini iko na uchoyo," alisema. "Inaonaka mutu moja tu. Wa mbele na wa nyuma, bote banayeyuka."

"Basi ione miye tu."

Wakapendana hivyo, kwa utani na simu zisizokatika, mpaka siku ya ubatizo kanisani kwa shangazi yake Katungu. Mvua ilinyesha, umeme hakuna, kanisa giza tupu. Katungu alikaa na gauni lake la manjano, nyuma yake dada yake mkubwa, Kavugho. Picha aliyoipiga Josaphat ilipochapishwa, Katungu alikuwa ukungu wa manjano. Aliyeonekana wazi, macho makubwa, ni Kavugho. Wanawake wa kwaya wakacheka wee.

Katungu aliipasua ile picha, akapiga simu.

"Ulisemaka inaonaka mutu moja. Basi uliona yaya yangu Kavugho!"

"Chérie, ni alama ya pete, niliichora mubaya..."

"Hapana niletee mambo ya pete! Uifute mu kamera. Apa!"

Josaphat akaapa, akafuta. Lakini wivu hauna macho, na wa Katungu haukuwa hata na masikio. Kwa miezi minne hakupokea simu ya Josaphat. Wala ya dada yake, aliyekuwa Beni akinunua kakao.

Kisha gari alilopanda Kavugho likashambuliwa njiani, likachomwa. Sanduku la maiti yake lilifika Butembo limeshapigiliwa misumari.

Kwao marehemu hutanguliwa na picha yake hadi kaburini. Wakapekua simu zote za ukoo. Kavugho hakuwahi kuivumilia flash. Katika kila picha alikuwa amefumba macho. Nani angethubutu kubeba picha ya namna hiyo?

Katungu akaenda kwa Josaphat, amejifunga kitenge cheusi.

"Josa. Ile foto ya kanisa, sema ulinidanganyaka. Sema haukufuta."

Josaphat aliinamisha kichwa. "Nilifuta, Katungu. Niliapa."

Katungu akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Mwanamume alikuwa ametii neno lake yeye Katungu, na utii ule ulimuua moyo.

"Mu kamera haiko," Josaphat alisema taratibu. "Lakini nilibakishaka moja ya karatasi, juu ya kupima kosa. Nilikuficha. Unisamehe."

Akafungua daftari lake la vipimo. Kavugho alikuwa humo, akitazama altare kwa macho yake yote mawili. Mstari wa penseli ulitoka kwenye ukungu wa manjano hadi kwenye uso wa Kavugho, na pembeni pameandikwa: *Nililenga jicho la Katungu. Kosa: kiganja kimoja nyuma.*

Katungu alisoma mara mbili.

"Kumbe ulikuwa unaniangalia miye."

"Toka ile siku ya duka."

"Miezi ine, Josa. Yaya ananiita kila juma, mi hapana pokea."

Josaphat alichukua makasi ili amwondoe Katungu pichani, abaki marehemu peke yake, lakini Katungu akamshika mkono.

"Hapana nikate. Niache karibu yake."

Siku ya maziko mjomba Abdias alisimama mbele ya sanduku. "Foto inabebwa na batu babili ba nyumba yetu," alitangaza. "Wengine nyuma."

Katungu alishika upande mmoja. Binamu yake Tamar akanyoosha mkono, lakini Katungu akamtikisia kichwa. Akageuka, akamtafuta Josaphat katikati ya majirani.

"Kuja ushike huku."

"Katungu, ni ya batu ba nyumba."

"Nimesikia. Kuja."

Mjomba alimtazama kijana, kisha mpwa wake, akawapisha. Josaphat alivua kofia, akashika upande wa pili, wakatangulia matopeni kuelekea makaburini.