Shuka za Mama Mkwe

Kola ya shati ilikuwa na utelezi. Dobi aliishika kwa vidole viwili, akanusa, akageukia ukutani kutapika. Uvundo wa panya aliyeozea mtaroni, na juu yake marashi. Shati lenyewe la mumewe!

Mwanamke aliyefulia mtaa mzima miaka tisa hahitaji umbea. Kola humwambia yote. Basi akaanza kumsaka hawara kwenye nguo za wateja. Akanusa blauzi moja moja: za mwalimu, za muuguzi, za yule jirani mwenye mdomo. Wapi! Zote zilinuka binadamu.

Jumatatu akalifikia furushi la nyumbani, shuka za mama mkwe. Akazikunjua. Lo! Utelezi uleule, mzito kama makamasi, umenasa nywele ndefu nyeusi. Na mama mkwe ana mvi tupu, tena amenyoa.

"Mama, nani analala kitandani kwako?" aliuliza, akimnyooshea shuka.

Mama mkwe wala hakuona haya. "Punguza sauti. Mke mwenzio atasikia." Akasogea karibu. "Mumeo alipokuwa mtoto homa ilitaka kumuua. Jini wa kike akaniambia atamponya, ila akishakuwa mtu mzima awe mumewe. Nikakubali. Sasa amekuja. Ukienda kupeleka nguo za watu, nawaachia chumba."

"Na kitanda unawatandikia?"

"Ningefanyaje, mwanangu?"

Ptuu! Dobi alitema mate palepale sakafuni.

Mganga akaletwa mchana huohuo. Akafukiza ubani, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo uvundo ulivyozidi, ukapenya puani, ukashuka kooni mpaka mtu akawa kama anautafuna, godoro likaanza kutota lenyewe, kitu kikacheka chini yake taratibu, na mume aliyeketishwa katikati ya chumba akawa anakohoa nywele, fungu baada ya fungu, huku mkewe amemkamata mkono hataki kuuachia, maana pamoja na kinyaa chote bado alimtaka mumewe.

"Hang'oki mpaka aachwe," mganga alinong'ona. "Wewe ndiye mume. Tamka tu: nakuacha."

Mume akafuta kinywa. Akalitazama godoro kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia dobi, akauchomoa mkono wake.

"Nakuacha," alimwambia.

Mganga ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.