Salhiya Aficha Ungo

Kila alasiri, akirudi madrasa, Salhiya humchana nywele mdogo wake Tabia barazani kwao, mtaa wa Mkunazini. Zamani alikuwa akimchana huku akimwimbia. Siku hizi, tangu atimize miaka kumi na miwili, moyo wake hautabiriki: asubuhi hucheka, mchana hununa, jioni hulia bila kujua analilia nini.

Alhamisi moja Tabia alilalamika, "Dada, polepole, waniumiza!"

"Basi jichane mwenyewe!" Salhiya alifoka, akakitupa kitana ukutani. Kikakatika meno. Tabia akalia, na Salhiya naye akakimbilia chumbani akilia.

Akiwa humo, alimsikia bibi yao, Bibi Wanu, jikoni akimwambia mama yake Salhiya, "Mwatum, huoni? Mara kicheko, mara machozi. Mtoto huyu karibu atavunja ungo."

"Nshaona, mama," Mwatum alijibu.

Salhiya akaacha kulia. Ungo! Ule wa bibi, wa kupepetea mchele! Kumbe hasira zake zimefika hadi wakubwa wanasubiri avunje vyombo. Leo kitana, kesho ungo, na keshokutwa? Je, akimvunja Tabia mkono?

Baada ya sala ya magharibi alikaa kwenye mswala kwa muda mrefu. "Ya Rabbi, niondolee ubaya huu," aliomba. Kisha akaufunga ungo kwa kanga, akauficha chini ya kitanda. Siku mbili nzima hakumsogelea Tabia.

Jumamosi Bibi Wanu alitaka kupepeta mchele.

"Tabia! Umeupeleka wapi ungo wangu?"

"Sikuuchukua, bibi!"

"Usinidanganye! Nani mwengine huchezea vyombo vyangu?"

Tabia akaanza kulia. Salhiya aliogopa, lakini aliona haya zaidi. Akautoa ungo.

"Nimeuficha mimi, bibi. Ulisema nitauvunja."

Bibi Wanu alimtazama, kisha akacheka hadi akajishika mbavu. "Masikini mjukuu wangu! Ungo huo haupepetewi mchele!"

Mwatum hakucheka. Alikuwa muuguzi. "Kila wiki nawaeleza watoto wa watu," alisema, "wangu nikamsahau." Akamkalisha Salhiya karibu yake. "Kuvunja ungo ni msichana kubaleghe, kuanza kupata hedhi. Wakati huo mwili hutoa kemikali ziitwazo homoni, na ubongo nao bado unakua. Ndiyo maana furaha na hasira hupishana. Wavulana pia hali hii huwafika. Tena wewe unalala saa sita usiku na asubuhi hunywi chai. Usingizi mchache na njaa huzidisha."

"Kwa hiyo sina shetani? Sina wazimu?"

"Huna, mwanangu. Unakua."

"Basi hata kitana si kosa langu?"

"Aa! Hasira kuja si kosa lako. Kutupa kitu ni kosa lako. Ikikupanda, nyamaza, tia udhu, kisha sema kinachokuuma. Na huzuni ikikaa siku nyingi, usiifiche. Njoo uniambie."

Salhiya akamkumbatia mdogo wake. "Nisamehe, Tabia."

Tabia akafuta machozi. "Na mimi ntavunja ungo lini?"

"Wewe kwanza ota meno ya mbele!" alisema Bibi Wanu, kisha sauti yake ikatulia. "Lakini nimekosa kukusingizia, na nimekosa kusema kwa mafumbo. Mtoto asiyeambiwa hujijibu mwenyewe, na majibu yake humtisha. Kuanzia leo kila utakapouliza, Tabia, utaelezwa waziwazi."